Pasi ya Mama

Kila Jumamosi mamake humvusha feri kutoka Likoni,
humkabidhi kwangu mlangoni pamoja na mkoba,
dawa ya kifua, na maagizo ambayo sikuyauliza.
Nuswaiba ana miaka minane na swali moja:
"Leo utapika nini?"
kana kwamba najua kupika vitu viwili.

Mkate wa jibini. Ndio upishi wangu mzima.
Boflo la jana, maana la leo ni laini mno,
hukunjamana mkononi kama leso mbichi;
siagi hadi ukingoni, pembe zisione wivu;
na jibini, kipande cha kujaa kiganja,
niliyoinunua Nyali nikairudia bei mara mbili
kama mtu asomaye barua ya kadhi.

Leo stima zimepotea tangu alfajiri.
Kile kimashine nilichokichukua kwa mkopo
kimenuna mezani, mdomo wazi.
Nikavuta seredani uvunguni,
nikaiwasha kwa risiti ya kodi ya mwezi jana,
nikateleka kango la chuma.
"Na cha kukandamizia?" akauliza,
maana amezoea kuona mkate ukibanwa.
Tukayatazama mawe ya uani.
Paka walikwisha kuyapitia.

Ndipo nikaikumbuka pasi.

Ilikuwa juu ya kabati, imefungwa kanga,
pasi ya makaa, yenye jogoo wa shaba kwenye komeo.
Kwayo mama alinyoosha kanzu za mtaa mzima,
za Idi, za harusi, za safari,
kanzu ambazo hakuna hata moja iliyokuwa yetu,
mpaka nikapata viatu vya shule.
Kwenye mkono wake wa kulia palikuwa na kovu,
pembetatu ndogo, yang'aa.
Nikiwa mtoto nilidhani kila mama huzaliwa nayo.

Hayo sikuyasema. Nilisema:
"Ya bibi yako. Nzito. Usiiguse."
Nikaisugua kwa ndimu na majivu,
nikaijaza makaa tumboni,
nikaufunika mkate kwa karatasi, nikailaza juu.
Moto chini, moto juu.
Siagi ikaanza kunong'ona.

Wa kwanza uliungua. Nakiri.
Nilikuwa nikimweleza jinsi ya kutouunguza.
Tukaurusha uani, akashuka kunguru,
kunguru wa Mombasa, asiyechagua chochote,
akaugeuza upande huu, akaugeuza upande ule,
akaenda zake.
Nuswaiba alicheka mpaka kifua kikambana,
nikaitafuta ile dawa.

Wa pili ukatoka rangi ya kaimati.
"Kata pembetatu," akaniamuru.
Kwa nini?
"Za mraba hazina ncha ya kuanzia."
Nikashika kisu. Nikakaa kidogo.
Nikakata pembetatu.

Sahani yenye ufa, achari ya Bi Shamsa pembeni,
chai ya tangawizi katika vikombe visivyojuana.
Akauma, akavuta, jibini ikatoka uzi.
Akarudi nyuma hatua moja, mbili,
sahani mikononi mwangu, mkate kinywani mwake,
akaufikia mlango, na uzi bado haujakatika.
Kwa ishara ya jicho akanikataza kupumua.
Sikupumua.

Jioni mamake alipokuja kumchukua
alipewa kipande kilichowekwa akiba,
kimefungwa karatasi, kimepoa.
Na jibini ikipoa ni mpira, kila mtu ajua.
Akakigeuza kwenye mwanga wa mshumaa,
akaiona ile alama juu ya ganda,
pua ya pasi, imejichora kahawia.
"Hii si ile iliyonyoosha buibui langu,
siku ile?"
Ndiyo, ndiyo hiyo.

Hakuingia ndani.
Akala wima, bega kwenye fremu ya mlango,
akasema chumvi imezidi,
akala mpaka ganda.